Asante ya punda? Goma 1994 na askari waliotoka mbali



Waliofika kwenye mkutano mkuu uliopita wanakumbuka namna tulivyoachana bila kumaliza ajenda. Komite ilikuwa imeandika barua fupi ya kuaga kikosi kimoja cha askari wa kigeni, wale waliokuja na mashine kutoa matope na kufungua barabara wakati wa mafuriko. Barua ikapitishwa mkono kwa mkono ili kila mwakilishi wa kikundi atie sahihi. Ilirudi mezani na sahihi nne. Mama mmoja wa kikundi cha wauza samaki akasimama, akasema wazi: "Siye kila siku ni aksanti, aksanti. Nani alisha kutuambia siye aksanti?" Watu wakapiga makofi. Wiki mbili baadaye rafiki mmoja wa shirika letu, aliyekuwa ameketi pale kama mgeni, akatuandikia kwa masikitiko kwamba watu wetu hawana shukrani. Mzee mmoja wa komite aliposomewa ile barua alicheka tu: "Anataka kusema asante ya punda ni mateke."

Basi komite ikaniomba mimi, mwalimu wa historia niliyekwisha kustaafu, niandike kitu. Sitaandika juu ya mafuriko yetu. Hayo ni ya jana, macho bado mekundu. Nitarudi nyuma mpaka Goma, mwezi wa saba 1994, sababu pale ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza askari wa nchi za mbali wakija kusaidia watu wasiosema asante. Nilikuwa na miaka 22. Nilikuwa nimeenda kukaa kwa shangazi yangu Birere kutafuta kazi. Kwa ajili ya Kifaransa changu cha shule na Kinyarwanda kidogo, nilifanya wiki tano kama mkalimani kwenye malori ya kuokota maiti. Mengine nimeyasoma baadaye, lakini hayo ya malori sikuyasoma.

Ilianza siku ya Alhamisi, tarehe 14 Julai. Birere watu walikuwa wanaongea juu ya fainali ya Kombe la Dunia, Brazili na Italia, iliyokuwa ichezwe Jumapili. Ilipofika hiyo Jumapili hakuna tena aliyekumbuka mpira. Kwa muda wa siku nne au tano waliingia Wanyarwanda kati ya laki 5 na laki 8, wengi kwa Grande Barrière na Petite Barrière. Walikuja na magodoro, na ng'ombe, na mabasi mazima ya serikali yao. Pale mpakani askari wa Zaire walinyang'anya bunduki na mapanga, yakawa rundo kama la kuni. Hawakuzinyang'anya zote, na hilo lilitugharimu baadaye.

Anayejua Goma anajua udongo wake. Si udongo, ni jiwe la Nyiragongo. Ukipiga jembe linatoa cheche. Maana yake huchimbi choo, huchimbi kaburi. Maji yalikuwepo, ziwa zima la Kivu, lakini watu walichota palepale walipoogea na walipofulia. Tarehe 20 Julai maabara ikathibitisha kolera. Na kambi iliyokuwa na shida kupita zote, Kibumba, iko juu karibu kilomita 30 kutoka mjini, mahali pasipo hata na kijito. Hesabu za madaktari zilizotoka baadaye zinasema kwamba katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, kwa kolera na kwa kuhara damu kulikofuata.

Askari wa kwanza kusaidia walikuwa Wafaransa, na hawakuwa wameitwa kwa kazi hiyo. Walikuwa Goma tayari kwa operesheni yao ya Turquoise, iliyoruhusiwa na Baraza la Usalama tarehe 22 Juni, askari kama 2,500, makao makuu yao uwanjani kwa ndege. Kazi waliyopewa ilikuwa ndani ya Rwanda. Lakini kolera ilipoanza kuangusha watu kando ya barabara, wao ndio waliokuwa na buldoza, na ndio waliokuwa na baruti ya kupasua lile jiwe. Wakaanza kuchimba mashimo.

Tuliondoka asubuhi saa kumi na mbili. Maiti walikuwa wamefungwa ndani ya mikeka, wamepangwa kando ya barabara vizuri, kama vile mtu anavyoweka mzigo wake kungojea gari. Wengine hawakufungwa. Kulikuwa na vijana wa Msalaba Mwekundu wa Zaire, kulikuwa na vijana wa skauti wa Goma, watoto wa shule kabisa, wamefunga vitambaa puani. Kazi yangu, nikieleza kwa maneno machache, ilikuwa kuinama na kuuliza: huyu amekufa ao analala? Mara mbili nilijibiwa na yule mwenyewe niliyekuwa namuuliza.

Wafaransa walibeba kwa mikono yao. Hilo nataka lisomwe na vijana wetu, maana siku hizi nasikia wakisema askari wa kigeni hawajawahi kufanya kitu chochote Kivu. Walibeba. Walikuwa vijana wa umri wangu, wengine wadogo kuliko mimi, waliofundishwa kupiga vita na hawakufundishwa kuzika mtoto. Wapo waliorudi kwao na akili imeumia kwa ajili ya ile kazi, na madaktari wa jeshi lao waliiandika.

Siku ya tatu ao ya nne, mmoja wao aliketi kwenye kivuli cha lori, akanipa nusu ya biskuti yake, akaniuliza: "Mbona hakuna hata mmoja anayetuambia merci?" Sikuwa na jibu. Karibu yetu alikaa mzee mmoja mwenye blanketi, nikamtafsiria. Mzee aliangalia lori, hakumwangalia askari. Akajibu kwa Kinyarwanda, na mimi nikamwambia yule kijana kwamba mzee amechoka. Sivyo alivyosema. Alisema: "Mwambie anionyeshe kwanza mahali amemuweka mke wangu."

Na hakuna ambaye angeweza kumwonyesha. Pale shimoni tulimwaga chokaa, buldoza likafunika, tukaenda kwenye shimo lingine. Hakuna jina, hakuna kijiti. Kwetu mtu aliyekuzikia mke ni ndugu mpaka kufa, hata ugomvi wa shamba unaisha. Hapa aliyezika hakujua amezika nani, na aliyefiwa hakujua ni askari yupi. Nimefikiri sana juu ya hiyo biskuti. Yule kijana alistahili asante, naye mzee hakuwa na kosa.

Halafu wakaja Waamerika. Rais Clinton alitangaza operesheni yao tarehe 22 Julai. Tarehe 24 ndege zao zilidondosha chakula kutoka juu kuelekea upande wa Katale, na vifurushi vikaanguka mbali na pale palipopangwa. Birere walicheka hata katikati ya vifo: "Bamarekani banakulisha migomba." Tulicheka haraka. Tarehe 26 maji yaliyosafishwa na mashine zao yalianza kutoka. Kazi yenyewe haikuwa ya uchawi: pampu inavuta maji ziwani, yanatiwa klorini, yanajazwa kwenye matangi makubwa. Kilichokuwa kigumu ni kuyapandisha mpaka Kibumba, sababu malori ya maji yalikuwa machache, na barabara ilijaa watu. Wale wanaosema maji hayo yaliokoa Goma wasome vizuri tarehe. Kolera ilifika kileleni karibu siku hiyohiyo ya 26, ikaanza kushuka. Wengi waliokufa walikuwa wamekwisha kufa. Lakini wale wanaosema maji hayo hayakufanya kitu, nao wakumbuke kwamba mamia ya maelfu waliendelea kuishi pale, na mtu hunywa kila siku.

Nyuma ya hayo kulikuwa na mpango. Mama Sadako Ogata, Mjapani aliyeongoza HCR wakati ule, aliomba serikali zichukue kazi nzima-nzima: hii ichukue maji, ile uwanja wa ndege, nyingine vyoo, nyingine barabara. Ndiyo maana Goma ikawa kama soko la majeshi. Waisraeli walileta hospitali ya jeshi pamoja na madaktari wake. Wajapani walifika mwishoni mwa mwezi wa tisa, askari kama 260 pale Goma, wakakaa mpaka mwezi wa kumi na mbili wakitibu, wakipuliza dawa, wakisafisha maji. Kwao Tokyo ubishi ulikuwa mkubwa, mpaka juu ya hesabu ya bunduki za rashasha wanazoruhusiwa kubeba. Sisi tulikuwa hatuelewi kitu: jeshi linaogopa bunduki yake! Ripoti kubwa iliyotolewa 1996 na nchi na mashirika mengi kwa pamoja ilisema kwamba jeshi ni njia ya gharama sana ya kuleta msaada, na kwamba kazi yake haikuwa sawa kila mahali. Aliyeishi Goma hakuhitaji ripoti kujua.

Sasa nifike mahali ambapo wageni wengi hawapendi tufike.

Wale watu wa kambini walikuwa wametoka katika nchi gani, na nini kilikuwa kimepita kule? Tarehe 9 Aprili, siku tatu baada ya ndege ya rais Habyarimana kuangushwa, ndege za Wafaransa zilitua Kigali, halafu za Wabelgiji. Zilikuja kutoa wazungu wao. Zikawatoa, zikaondoka. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapunguza askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa Rwanda mpaka 270, wakati Watutsi walikuwa wanauawa kila kilima. Mpaka katikati ya Julai walikufa watu laki 8 ao zaidi. Serikali ya Rwanda inahesabu kupita milioni moja. Kwa hiyo mwezi wa nne ndege zilikosekana, na mwezi wa saba zikapatikana, moja inatua nyuma ya ingine, na katika waliopata maji na dawa walikuwamo wauaji wenyewe, askari wa zamani na Interahamwe, ambao ndio waliogawa chakula katika kambi nyingi. Madaktari wa MSF wa Ufaransa waliondoka mwezi wa kumi na moja wakisema hawawezi kuendelea kulisha watu wale. Ukimwambia Mtutsi aliyebaki peke yake katika ukoo mzima kwamba alipaswa kuyashukuru majeshi yaliyokuja Julai, ujue unamwambia nini. Wafaransa wenyewe walichelewa kuangalia nyuma. Tume ya mwanahistoria Duclert ndiyo iliyoandika, 2021, kwamba nchi yao ilikuwa na wajibu mzito sana katika yaliyotokea, ingawa haikuona ushahidi kwamba ilishiriki katika mauaji ya kimbari.

Yule kijana wa biskuti hakujua haya. Aliletwa na ndege, akapewa pauro. Lakini mzee mwenye blanketi alikuwa anaangalia lori lenye bendera, na bendera ina historia kuliko kijana.

Kuna wengine waliokosa asante kabisa, na hao siwaoni katika ripoti nyingi: wenyeji wa Goma. Shangazi yangu alikuwa na uwanja mdogo wa mawe, alipokea watu 17 ndani yake. Hakuwaomba kitambulisho. Walikata uzio wake kwa kuni, halafu kuni zikaisha mjini, na kila siku maelfu ya watu wakawa wanaingia pori la Virunga kukata miti. Bei ya mihogo ilipanda, ya maharagi ikashuka sababu ya maharagi ya msaada, na mama wauzaji wakafilisika. Binti yake wa mwisho, mwenye miaka 6, alipata kolera. Aliponeshwa na serumu iliyokuja ndani ya ndege ya wageni. Nesi aliyemtia ile sindano alikuwa Mukongomani wa lupitali, ambaye hakuwa ameona mshahara wa serikali kwa miezi. Mwezi wa tisa shangazi alichukua kuku, akampelekea yule nesi, na nesi akampikia chakula, wakakaa mpaka jioni. Nilimuuliza: na wenye serumu? Akaniambia: "Bale siwajue. Kama unabajua, unipeleke." Hakusema hawana haki. Alisema nimpeleke.

Kambi zile zilikaa miaka miwili na silaha ndani yake, na vita iliyotokana na hayo ikafika kwetu mwezi wa kumi 1996. Hapa sihitaji kueleza, kila msomaji ana yake: Uvira ilianguka, tukavuka Tanganyika usiku, tukaamkia Kigoma. Nataka tu kukumbusha jambo moja ambalo wadogo hawalijui. Tarehe 15 Novemba 1996 Baraza la Usalama lilikubali jeshi la mataifa mengi, likiongozwa na Kanada, lije kuokoa wakimbizi wa mashariki ya Zaire. Siku hiyohiyo mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walianza kurudi kwao kwa miguu kupitia Goma, na mataifa yakasema basi, kazi imeisha. Wale waliokimbilia porini upande wa magharibi, na sisi tuliokuwa tumetawanyika huku kusini, hatukuingia katika hesabu. Jeshi lile halikuja. Kambini tulifuata habari zake kwenye redio kwa wiki nzima, betri zikaisha. Kwa hiyo mama wa samaki anapouliza tumshukuru nani, ndani ya swali lake kuna hao pia, wasiofika.

Nikiendelea kidogo na Goma nitamaliza. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege. Watu zaidi ya laki 3 walivukia Gisenyi. Upande wa Rwanda waliandaliwa kambi na chakula. Baada ya siku mbili tatu, wengi wakageuka, wakarudi wakitembea juu ya lava iliyokuwa bado moto. Redio za nje zilishangaa, na wahudumu wengine wakakasirika: msaada uko huku, nao wanaukimbia! Niliyasikia hayo nikiwa Tanzania, na mimi pia nilisema wale ni vichwa ngumu. Barua ya shangazi ndiyo iliyonieleza. Wakati ule Goma ilikuwa chini ya RCD, na jeshi la Rwanda lilikuwa nyuma yake. Mtu hawezi kwenda kulala chini ya bunduki ileile iliyomtawala nyumbani, hata kama leo imeshika sahani. Na tena, aliandika, nyumba zilizobaki zilikuwa zinaibiwa. Kati ya sababu zile mbili alitia ya pili kwanza.

Narudi kwenye barua yetu. Nimekaa na komite mara mbili. Nimewaambia rafiki yetu aliyeandika kwa masikitiko ana haki ya kusikitika, kwa sababu yeye aliona mashine ikifanya kazi, akaona na watu wakikaa kimya. Nimewaambia pia kwamba barua tuliyoiandika ilikuwa mbaya. Ilikuwa maneno ya heshima kwa nchi, kwa bendera na kwa makamanda, na hapakuwa na hata mtu mmoja ndani yake. Nilipouliza vijana wa kando ya mto, walimkumbuka vizuri dereva wa mashine, yule mfupi aliyekuwa anakula nao mihogo ya kuchoma na kuimba akiendesha. Walimpa hata jina la kwetu. Walikumbuka siku aliyofanya kazi mpaka usiku kwa taa za gari. Walikumbuka vilevile vijana wetu 31 waliobeba mifuko ya mchanga pamoja naye bila posho, na wawili kati yao waliolala lupitali baadaye. Walikumbuka na gari za kikosi kilekile zilizopita siku nyingine bila kusimama, mama mmoja akiwa anapunga mkono na mgonjwa mgongoni. Hayo yote nimeomba yaandikwe. Komite ilikubali yote isipokuwa la mwisho. Wakasema hilo tuliandike katika barua ya pekee, kwa wakubwa wao. Nilibishana, nikashindwa.

Barua iko ofisini kwa katibu mpaka Jumamosi saa sita. Zile sahihi nne za kwanza zimebaki. Wengine munaweza kufikiri nilikuwa mmoja wa wale wanne. Hapana, siku ile barua ilipita mbele yangu nikaisukuma kwa jirani. Juzi niliisoma tena na nyongeza zake, nikatia sahihi, ya tano. Mama wa wauza samaki amesema atakuja na mjukuu wake amsomee kwanza, mstari kwa mstari, ndipo ataamua.